Kueleza vakansi kwa Kifaransa: kwa nini si «à Zambie»?

Swali. Jambo mwalimu. Nilisoma Kitwe, Zambia, tangu shule ya msingi, kwa hiyo Kiingereza ndicho kinachonijia kwanza. Sasa nimerudi Lubumbashi na ninaomba kazi ya mapokezi hotelini. Kwenye usaili waliniambia nieleze kwa Kifaransa vakansi zangu za mwisho. Nikajibu: «J'ai parti à Zambie pour visiter ma tante, j'ai resté pour deux semaines, c'est très bon.» Wakatazamana, wakaniambia nijaribu tena baada ya mwezi. Maneno ninayo, orodha nzima ya vitu vya safari nimeikariri, ila nikifungua mdomo yanagongana. Nianzie wapi? Na likizo ya kazini nayo ni «vacances»?

Jibu. Dada, hiyo orodha iweke kando kwanza. Vitabu vingi vinavyotoka Ufaransa hujaza sura ya vakansi kwa theluji, ski na mahema ya ufukweni, na mtu aliyetoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa taksi hana pa kuyapachika. Sentensi yako haikukosa jina la kitu hata kimoja. Iliharibika kwenye viungo vidogo: «à», «pour», na kile kitenzi kidogo kinachotangulia kingine. Viungo hivyo ndivyo msikilizaji anavyovisikia kwanza.

Tuanze na mahali. Sisi tunasema naenda Zambia, naenda Kolwezi, na sentensi haibadiliki. Kifaransa kinataka kujua kwanza unakokwenda ni mji au nchi, na kama ni nchi, ni ya kike au ya kiume. Mji huchukua «à»: à Kitwe, à Likasi, à Dar es Salaam. Nchi ya kike huchukua «en», ya kiume «au». Nchi ya kiume inayoanza na irabu hurudi kwenye «en», na nchi yenye jina la wingi huchukua «aux», kama aux Comores.

Usikariri ramani ya dunia. Congo inapakana na nchi tisa, na hizo tisa zinakufundisha karibu kila kitu: en Zambie, en Angola, en Tanzanie, en Ouganda, en Centrafrique, au Burundi, au Rwanda, au Soudan du Sud, au Congo (ule wa Brazzaville). Yetu wenyewe ni «au Congo» pia, lakini ukilitaja jina rasmi linageuka: en République démocratique du Congo, kwa sababu «république» ni neno la kike. Watu huambiwa kwamba nchi inayoishia na «e» ni ya kike, na kwa kawaida ni kweli, ila wafanyabiashara wetu wanaoshuka kusini hukutana na mbili zinazokataa: le Zimbabwe na le Mozambique. Kwa hiyo ni au Zimbabwe, au Mozambique. Wakifika Cape Town nako wanakuta mji wenye «le» ndani ya jina lake, Le Cap, hivyo husemwa au Cap.

Hapa Lubumbashi tuna mtego wetu wa nyumbani. Ukisema «je vais au Kenya», umeshapanda ndege kwenda Nairobi. Ukitaka kwenda kwenye komini yetu ya mjini iitwayo Kenya, sema «je vais à la Kenya», kama unavyosikia watu wakisema à la Katuba. Mgeni kutoka Kinshasa akikuuliza njia, tofauti hiyo ina kazi.

Unakotoka kunafuata jinsia ileile: je viens de Zambie, du Zimbabwe, d'Angola, des Comores. Na kwa mtu haiendi «à» hata siku moja, ni «chez»: chez ma tante, chez le médecin.

Sasa vitenzi, ambavyo ndivyo vilivyowafanya watazamane. Kwa wakati uliopita vitenzi vingi vya Kifaransa hutembea na «avoir», lakini kuna kundi dogo linalodai «être», na kwa bahati mbaya yako kundi hilo karibu lote ni la safari: aller, venir, partir, arriver, entrer, sortir, monter, descendre, rester, rentrer, revenir, retourner, passer, tomber, pamoja na naître na mourir. Kwa hiyo «je suis partie», «je suis restée». Hiyo «e» ya mwisho ni kwa kuwa wewe ni mwanamke. Kwa mdomo haisikiki, kwenye barua ya kuomba kazi inaonekana.

Usidhani basi kila mwendo ni «être». Voyager, marcher, traverser, quitter na visiter vyote vinataka «avoir»: j'ai voyagé, j'ai marché. Na baadhi ya vile vya kundi dogo hugeuka vikipata kitu cha kutenda moja kwa moja. Angalia mpakani: «nous sommes passés par Kasumbalesa», lakini «nous avons passé la frontière». Hotelini utakutana nalo kila siku: mgeni akishuka mwenyewe, «il est descendu», ukimshushia masanduku, «j'ai descendu les valises».

«Partir» na «quitter» pia huchanganywa. «Quitter» ya safari haisimami peke yake, lazima useme umeacha nini: nous avons quitté Lubumbashi. «Nous sommes partis» inatosha yenyewe.

Hiyo «pour deux semaines» imetoka kwenye Kiingereza chako moja kwa moja. «Pour» ni ya muda uliopangwa mbele: je pars pour deux semaines. Kwa muda uliokwisha ni «pendant», au usiweke kitu kabisa. Mimi nakushauri ukwepe mzozo wote kwa «j'ai passé deux semaines», sentensi salama kuliko zote katika somo hili. Na kwa jambo linaloendelea mpaka sasa, tumia «depuis» na wakati uliopo: je suis à Lubumbashi depuis mars.

«Visiter» ni kwa mahali: visiter un musée, visiter le parc de l'Upemba. Kwa mtu, sema «rendre visite à». Mjini utasikia «visiter ma tante» kila siku na hakuna asiyeelewa, ila kwenye usaili usiwape sababu.

Mwisho, «c'est très bon». Safari imekwisha, kwa hiyo ni «c'était». Na «bon» waachie sambusa. Vakansi huwa «agréable», au sema «je me suis bien amusée». Hapo Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza. Palipo na «tulifika», «tulivuka», yaani tukio lililotokea likaisha, weka passé composé, ule wakati wa «avoir» na «être» tuliouona juu. Palipo na «ilikuwa» au «walikuwa wanasubiri», yaani hali iliyozunguka tukio, weka imparfait, kama hiyo «c'était». Sentensi yako ikirekebishwa na kurefushwa kidogo inakuwa hivi:

«Je suis allée en Zambie rendre visite à ma tante. Nous avons quitté Lubumbashi à six heures. Il faisait froid, c'était en juillet. À Kasumbalesa, il y avait beaucoup de camions et les gens attendaient. Nous avons passé la frontière à pied, puis nous avons continué en bus. J'ai passé deux semaines chez elle, à Kitwe. C'était très agréable.»

Isome kwa sauti, kisha ibadilishe: weka Kolwezi, weka en voiture au à moto, weka mjomba. Mifupa ibaki ileile.

Kuhusu likizo ya kazini, hiyo ni «congé»: je suis en congé. «Vacances» ni mapumziko ya shule au ya matembezi, na ni wingi daima. Ukisema «la vacance» kwa umoja unazungumzia nafasi ya kazi iliyo wazi, na mbele ya mwajiri inaweza kuchekesha.

Kwenye meza ya mapokezi wewe ndiwe utakayeuliza, na kwa «vous»: «Vous avez fait bon voyage ?», «Vous êtes en mission ou en vacances ?», «Vous restez combien de nuits ?» Sikiliza jibu kwa makini. Mgeni akisema «je rentre vendredi», anarudi kwake, na kile chumba unaweza kukitoa kwa mwingine Ijumaa. Akisema «je reviens vendredi», anarudi hapo hapo kwako, basi muulize kama umwekee chumba.