Ukuta wa duara hauokoi ndoa

Swali: Najenga Iyumbu, Dodoma. Mshauri mmoja ameona ramani yangu akasema nyumba ya mstatili yenye nguzo mbele ni ya "kiume" mno, itavuruga ndoa. Anataka sebule iwe na ukuta wa duara upande wa magharibi ili kuingiza "nguvu ya kike". Fundi anasema gharama itapanda. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize fundi, dada yangu.

Maneno haya ni ya kale. Vitruvius, msanifu majengo Mrumi wa karne ya 1 KK, akieleza mitindo miwili ya nguzo za Kigiriki, alisema ya Kidoriki ilifuata mwili wa mwanamume, urefu mara 6 ya unene wa chini, na ya Kiioniki mwili wa mwanamke, mara 8. Ni vipimo vya nguzo tu, ndoa haimo. Na kama mstatili ni wa kiume, tembe la Wagogo tuliweke wapi? Kuta zimenyooka, paa bapa la udongo, na kila mke ana vyumba vyake.

Sasa tazama hilo duara. Tofali la unene wa inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 na limenyooka. Kwenye nusu kipenyo cha mita 2, jointi (nafasi kati ya tofali na tofali) ya ndani ikiwa sentimita 1, ya nje inafika 4 na nusu. Fundi ataijaza saruji na mchanga, ikikauka inasinyaa, na nyufa za wima zinatokea nje. Tofali zikatwe, nondo za lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) zipindwe, bati likatwe kipande kipande, na hapo ndipo panapovuja.

Magharibi ndiko kubaya zaidi. Jua la saa kumi alasiri linapita chini ya paa lolote. Huko weka stoo na choo. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, paa litokeze sentimita 90: hata adhuhuri ya Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, kivuli kitashuka kama mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini.

Linaloniudhi ni kwamba porojo hii imefika hadi kwenye mipango miji: mnara mume, uwanja mke. Mwanamke wa Dodoma anahitaji taa kwenye njia ya kutoka stendi, choo sokoni, mtaro uliofunikwa. Mpango mkuu wa mji wa Dodoma wa 1976 ulijali majengo ya chini na njia za waenda kwa miguu, na hayo yanamgusa kuliko umbo la mnara.

Anayekuuzia nguvu, mwombe namba yake ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kisha akuchoree duara lake kwa vipimo, nondo na bati. Akishindwa, usimlipe.