Jibu: P.K. Rosy, 1928 au 1930? Na filamu yake iko wapi?

Habari ndugu. Umeniuliza kuhusu P.K. Rosy, mwigizaji mkuu wa kike wa kwanza wa filamu za Kimalayalam, lugha ya Kerala, kusini mwa India. Umekwama mara mbili: kuhusu mwaka ilipotoka filamu yake, Vigathakumaran, kurasa nyingine zinataja 1928, nyingine 1930, na filamu yenyewe huipati popote. Hilo la pili acha kulihangaikia, maana hakuna nakala iliyosalia. Video inayodaiwa kuwa ya "Rosy halisi" inaweza kuwa kipande cha Celluloid, filamu ya 2013 inayosimulia habari za mtengenezaji wa Vigathakumaran, J.C. Daniel. Kabla ya kuamini picha yoyote, angalia kwanza kama haikutoka kwenye Celluloid.

Kuhusu mwaka, mimi huandika 1930. Ile 1928 ilizoeleka kwa kurudiwarudiwa, lakini watafiti waliochimba zaidi wanataja uzinduzi wa Oktoba 1930, ukumbi wa Capitol, Trivandrum (mji mkuu wa Kerala).

Swali lako la kwa nini aliishia filamu moja ndilo linaloniuma. Rosy alikuwa Mdalit, yaani wa watu waliotengwa chini kabisa ya matabaka ya India, naye akaigiza Sarojini, mwanamke wa Nair, tabaka la juu. Hata kwenye uzinduzi wa kazi yake mwenyewe hakuruhusiwa kuingia. Inasimuliwa kwamba mhusika mkuu alipobusu ua lililokuwa kwenye nywele zake, watu walirusha mawe kwenye skrini, kisha wakamgeukia yeye. Alikimbia kwa lori hadi Nagercoil, mji ulioko leo Tamil Nadu, akaolewa na dereva wa lori hilo, Kesavan Pillai, na hakuigiza filamu tena.

Ukitafuta zaidi, jaribu pia jina la Rajammal, alilojulikana nalo huko Nagercoil.