Kabla ya sola, geuza darasa

Saa tisa alasiri katika darasa la tano nililofundisha Eastlands, ubao ulikuwa hausomeki. Jua la magharibi lilipiga madirisha moja kwa moja, na watoto wa upande ule walihamia kwa wenzao, wakabanana wanne wanne kwenye dawati la wawili. Mwishowe nikaziba vioo kwa maboksi ya mafuta ya kupikia. Darasa likawa giza, tukawasha taa. Kila mwezi shule ilinunua tokeni za stima ili kuangazia chumba ambacho jua lilikuwa linakichoma kwa nje. Bado linaniuma.

Jengo lile lilitazamishwa barabarani ili bango la shule lionekane. Hakuna aliyeuliza jua linatua wapi. Tangu hapo nimekaa kwenye kamati za ujenzi wa shule mbili za msingi hapa Nairobi, na mwenye shule akinijia na bei za paneli za sola, mimi huuliza kwanza ploti imekaaje.

Jiji letu liko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, lakini mwaka mzima huwa juu. Upenu wa paa unaotokeza karibu mita moja unatosha kulitia dirisha kivuli saa hizo. Jua la asubuhi na la jioni ndilo gumu, kwa sababu huja chini, likapita chini ya upenu wowote. Kwa hiyo pande ndefu za jengo, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi za mashariki na magharibi ziwe mawe matupu, au weka stoo na ngazi huko.

Ploti ya futi 50 kwa 100 haikubali hivyo kila mara. Katika shule ya pili ilibidi ubavu wa jengo ndio utazame barabara, na mwenye shule alikasirika. "Mwalimu, wazazi wataona ukuta tu!" Tuliuchora ukuta ule herufi na wanyama, bango likakaa getini. Mahali ambapo jengo haligeuki kabisa, weka varanda pana upande wa magharibi, kisha panda miti mbele yake. Si sawa na kuligeuza, lakini huokoa alasiri.

Halafu paa. Anayejua bati la Februari anajua ninachosema. Msanifu majengo Francis Kéré alilishughulikia jambo hili katika shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: paa la mabati limenyanyuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Sisi tuliiga kwa uwezo wetu. Tulitia dari, tukaacha nafasi kati yake na bati, na pembeni tukaweka wavu wa kuzuia popo. Faida nyingine sikuitarajia: mvua ikinyesha, watoto bado wanamsikia mwalimu.

Usisahau Julai. Wageni hudhani Nairobi ni joto tu, kumbe Julai mawingu hukaa siku nzima na walimu hufunga kila dirisha kwa baridi, watoto arobaini wakivuta hewa ileile hadi wasinzie. Acha matundu ya hewa juu ya madirisha, yasiyofungika. Weka madirisha pande zote mbili za darasa na upake dari nyeupe. Siku ya kukabidhiwa jengo, keti dawati la katikati, taa zikiwa zimezimwa, ufungue kitabu. Kama huwezi kusoma, usitie sahihi.

Jikoni ndiko nishati nyingi ya shule huishia. Jiko okoa lenye bomba la moshi, kuni zilizokauka sawasawa, na maharagwe na mahindi ya githeri yaliyolowekwa usiku kucha vitapunguza kuni, na mpishi wenu hatalia machozi ya moshi.

Sola ije mwisho. Darasa likishapata mwanga wake, taa nne za LED za wati 18 ni wati 72 tu, na hizo ni za asubuhi yenye mawingu. Mfumo unaohitajika unakuwa mdogo, betri chache.

Kabla fundi hajavuta kamba ya msingi, simamisha kijiti wima kwenye ploti. Asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli na upime urefu wake. Alasiri ngoja kivuli kirudi urefu uleule, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda mashariki hadi magharibi. Mwambie fundi ukuta mrefu aufuatishe huo.