Ukitaka kutengeneza tekno minimali, usiidharau pop

Wengi wanaoanza kutengeneza tekno minimali, yaani muziki wa dansi wa kielektroniki wenye sauti chache zinazojirudia, wana kasumba moja: wanaidharau pop. Wanadhani ukimwondoa mwimbaji, kiitikio na gitaa, basi umepata minimali. Kumbe mara nyingi unabaki na dramu zinazozunguka tu, na msikilizaji anazima kabla ya dakika ya pili.

Sikiliza Minimal Nation, rekodi ya prodyuza Robert Hood wa Detroit, ya mwaka 1994. Vyombo ni vichache mno, ila karibu kila wimbo una kipande kifupi cha sinthi (kinanda cha kielektroniki) kinachokuganda kichwani siku nzima. Kiitikio cha pop nacho kazi yake ni hiyohiyo.

Pop na minimali zinapotofautiana ni kwenye muda. Tuseme unafanya kazi kwa mwendo wa mapigo 125 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.48, na bari ya mapigo manne ni sekunde 1.92. Ukifungua filta, yaani kifaa kinachochuja sauti, taratibu kwa bari 32, dakika nzima imekwisha. Prodyuza wa pop kufikia hapo ameshamaliza ubeti na kuingiza kiitikio. Wewe bado uko na sauti ileile. Sasa jiulize kama sauti hiyo inavumilika mara 32. Vijana wengi huchagua sauti kwa sababu wamepakua pakiti mpya ya sauti zilizotengenezwa tayari, swali hilo hawajiulizi kabisa.

Mtu wa kumsikiliza kwa makini ni Marc Leclair wa Montréal, anayejulikana kama Akufen. Kwa albamu yake My Way ya 2002 alirekodi redio, akakatakata alichonasa, akavipanga vipande juu ya mdundo: nusu silabi hapa, gitaa lililokatizwa pale. Wimbo wenyewe huutambui, lakini sikio linajua kabisa kwamba hii ni pop.

Jaribu mwenyewe. Kata sauti ya mwimbaji vipande vya sekunde 0.12, yaani robo ya pigo kwa mwendo ule wa 125. Anza kukata kabla kidogo ya silabi, pale anapovuta pumzi. Ukikata katikati ya sauti utasikia mbofyo, na ule utu wa mwimbaji unapotea. Punguza sauti kwa milisekunde chache mwishoni mwa kila kipande. Halafu chelewesha kimoja au viwili nyuma ya gridi (mistari ya mapigo kwenye programu), vingine viache palepale.

Wajerumani hawakuona haya kwenye hili. Wolfgang Voigt wa Cologne, akitumia jina Gas, aliita albamu yake ya 2000 Pop tu, na lebo ya Kompakt, ambayo yeye ni mmoja wa waanzilishi wake, ikaanzisha mfululizo wa albamu za mkusanyiko uitwao Pop Ambient mwaka uliofuata. Prodyuza Ricardo Villalobos naye alichukua wimbo wa bendi ya Depeche Mode, The Sinner in Me, akaurefusha kupita dakika 10. Weka toleo la bendi na lake ubavuni, uangalie alichobakiza. Kwangu hilo ni darasa kuliko video nyingi za mafunzo.

Ukifikia kutoa kazi, kumbuka kwamba ufupi wa kipande peke yake si kinga ya hakimiliki. Tafuta mwimbaji wako, mlipe, mrekodi ubeti mzima hata kama utatumia sekunde tatu. Usimwambie mapema kwamba unataka vipande tu. Ataimba kivivu, na itasikika.