Umeniuliza zile kelele zilitoka wapi

Mama yangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza spika ilikuwa juu, mama yako akasema we mzee unataka mtaa mzima ujue mambo ya mtoto, ya pili nikaweka sikioni, ya tatu nikarudia kale kasehemu ka mwisho tu, tutafika hapo. Umeuliza "baba hivi hizo kelele za masikio yako chanzo chake ni nini hasa, na mimi nitazirithi?" Najua kwa nini umeuliza. Krismasi ulilala hapa ukakuta redio inapiga shhhh usiku wa manane haijashika steshoni yoyote, ukadhani nimepitiwa na usingizi, ukaizima. Nikaamka nikaiwasha. Ukazima tena. Asubuhi mama yako ndo akakwambia huyo bila redio halali, muulize mwenyewe.

Nakuandikia maana kwa simu ningekwepa, ningekuuliza habari za kazini na huko Dodoma maji yanatoka, tungeishia hapo.

Jibu fupi ni kwamba sijui. Jibu refu ndo hili, vumilia, naandika kwa kidole kimoja.

Nilizigundua mwaka 2011, ule mwaka wa mgao wa umeme, sijui kama unakumbuka tulivyokuwa tunakaa gizani. Usiku mmoja umeme ukakatika, feni ikasimama, nyumba ikawa kimya, nikasikia nziiiiiii, kama nyenje wa kwenye mwembe ila nyenje huwa anapumzika na huyu hapumziki. Nikachukua tochi nikatoka. Nikazunguka nyumba nikijua ni jenereta la mtu, halipo, nikaenda mpaka kwenye transfoma pale njia panda nikasimama chini yake nasikiliza, yaani angepita mgambo angesema huyu kaja kuiba mafuta, ndo nikakumbuka umeme hakuna transfoma italiaje. Nikarudi nikamwamsha mama yako. Unasikia? Nini? Hiyo. Ipi? Akanivutia shuka akasema lala.

Angalia nimesema nilizigundua, sijasema zilianza. Inawezekana zilikuwepo miaka kibao chini ya feni na chini ya kelele zenu mlipokuwa wadogo, ukimya wa usiku ule ndo ukanionyesha. Ndo maana mtu akiniuliza "zilianza lini" nakwama hapo hapo, na kama hujui lini basi na kwa nini unaipapasa tu.

Nilihangaika nazo vizuri tu. Duka la dawa wakanipa matone. Zahanati wakapima presha wakaikuta juu kidogo wakasema ni hiyo, nikameza vidonge, presha ikashuka nyenje akabaki. Kuna pahala nikasafishwa masikio kwa maji ya vuguvugu na lile bomba kubwa, ikatoka nta mpaka nikaona aibu, nikasikia vizuri siku mbili tatu na nyenje nikamsikia vizuri zaidi. Kuna mtu, sitamtaja na ofisi yake sitaitaja, aliniuzia chupa ya kusafisha mishipa ya kichwa shilingi 80,000, hiyo ilisafisha mfuko. Shangazi yako akasema sikio likilia ujue kuna watu wanakusema. Nikamwambia dada, kama nasemwa mfululizo mchana na usiku basi mimi ni maarufu kuliko rais. Wa majini nao walikuja, hao niache.

Mwaka 2014 ndo nikaenda Dar kwa daktari bingwa wa masikio. Wanakuweka kwenye kichumba kisichopitisha sauti, wanakuvisha hedifoni, unabonyeza ukisikia mlio. Sasa mimi mle ndani nyenje wangu alipanda kama king'ora, nikawa nabonyeza hata wasipotuma kitu, yule dada wa mashine akaniambia mzee mbona unabonyeza sana. Mwisho wakanichorea grafu, mstari unaenda vizuri afu ukifika hezi 4,000, zile sauti nyembamba za juu, unadondoka kama mtu kakanyaga ngazi iliyooza. Daktari akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono na humo mna vinyweleo vidogo sana, kama 15,000 kila sikio, ndo vinapokea sauti, vikifa havioti tena. Ubongo ukiona taarifa haziji toka upande ule unaongeza sauti, kama redio ikiwa mbali na mitambo unapandisha voliumu, unachosikia ni mvumo wa redio yenyewe. Akasema cha ajabu kuku na ndege wengine vinyweleo vyao vinaota upya. Nimerudi nyumbani nikamwangalia jogoo kwa wivu, nakwambia ukweli, yule yule anayenipigia kelele alfajiri.

Nikamuuliza daktari, sasa nani kaniua hivi vinyweleo? Akaanza kuniuliza yeye.

Kazi gani ulifanya? Nikamwambia kiwanda cha nguo hapa Morogoro, chumba cha kufuma, toka 1983 mpaka kilivyokufa miaka ya tisini. Hujawahi kuingia mle. Mitambo mia na kitu, kila mmoja unakirusha kile kimbao chenye uzi kulia kushoto kulia kushoto kwa nguvu, chuma kinagonga, sakafu inatetemeka mpaka kwenye meno. Tulikuwa tunaongea kwa midomo bila sauti, mpaka leo naweza kusoma watu wanasema nini ng'ambo ya barabara, mama yako anachukia sana. Masikioni tulijaza pamba maana pamba ilikuwa imejaa, kumbe pamba kavu haizuii kitu, ni kama kujikinga mvua na chandarua. Daktari akasema kelele ikizidi desibeli 85 kwa masaa nane kila siku tayari ni hatari, na vyumba vile huwa vinapita hapo mbali. Nikasema basi tumempata.

Akasema subiri. Umewahi kuumwa TB? Ndiyo, 1991. Ulichomwa sindano? Kila siku, miezi miwili, makalio yote mawili yakawa kama ubao. Akasema ile ni streptomaisini, nayo inaua vinyweleo hivyo hivyo, na inaanzia sauti za juu kama kelele inavyofanya. Kwinini umewahi? Nikamwambia 2003 malaria ilinipanda kichwani wakanitundikia dripu za kwinini, masikio yakavuma kama nimeingizwa ndani ya mtungi, ila baada ya wiki yaliisha. Akasema kwinini mara nyingi huwa inaachia, lakini siwezi kuiondoa kabisa. Afu una miaka hamsini na tatu, na umri nao unakula sauti za juu. Akafunga faili akasema mzee, grafu hii inaweza kuwa ya yeyote kati yao au wote wameshirikiana, mimi siwezi kukwambia ni nani na sitakudanganya.

Nilikasirika! Nimepanda basi toka Moro, nimelipa, naambiwa haijulikani. Njiani kurudi mpaka Chalinze nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Leo naona ndo daktari pekee aliyenipa thamani ya hela yangu, wengine wote walinipa jina la ugonjwa kila mtu na lake.

Kuna kitu sikumwambia hata yeye, na mama yako hajui, kwa hiyo ukimwonyesha hii barua ruka hapa. Kwenye zile sindano, nesi alikuwa ananiuliza kila baada ya siku kadhaa, masikio yanavuma? unapata kizunguzungu? Na wiki za mwisho yalikuwa yanavuma kweli, na nikisimama ghafla dunia inaelea kidogo. Nikasema hapana. Nilikuwa nimebaki kilo 46, jirani wa kitanda cha pembeni alikuwa ameacha dawa katikati akarudishwa amebebwa, mi nikaona hawa wakisikia masikio watanikatia sindano na mimi nitakufa. Kwa hiyo nikasema hapana, kila mara hapana. Baadaye ule mvumo uliisha, au niliuzoea, au nilirudi kiwandani ukamezwa na mitambo, ndo hapo sijui tena.

Miaka mingi usiku nilikuwa nazungusha hiyo kesi. Ningesema ndiyo. Ningeacha kiwanda. Ningekataa dripu. Nyenje analia mi nahukumu. Mpaka siku moja nikahesabu: kiwanda ndo kilinipa mshahara nikamwoa mama yako, sindano ndo zilifanya niamke 1991, na wewe umezaliwa 1993, fanya hesabu mwenyewe, na dripu ndo zilinirudisha nikakupeleka darasa la tano. Kati ya hao washtakiwa sikuona hata mmoja ambaye ningetaka asingekuja. Kesi nikaiacha, sio kwamba nimesamehe mtu, nimekosa tu wa kumfunga.

Kuishi nazo sasa. Ukimya ndo adui, hilo nilichelewa kulijua, mwanzoni nilikuwa natafuta ukimya ili nipumzike kumbe ndo namkaribisha. Redio isiyoshika steshoni, sauti ya chini, sio ya kumfunika kabisa, chini yake kidogo, akili inachoka kumsikiliza inalala. Feni vilevile. Masika ndo likizo yangu, mvua ikipiga bati la jikoni simsikii kabisa na nalala kama mtoto, mama yako anagombana na panya mi sina habari. Nikikosa usingizi au nikiwa na hasira anapanda. Vidonge vya maumivu vya aspirini navikwepa, vikiwa vingi vinamwamsha. Kanisani nakaa mbali na spika, na harusi ya binamu yako ulishangaa nimekaa nje na wapishi, ndo hivyo. Dawa ya kumwondoa haipo, ukiona mtu anaiuza ujue ni yule wa 80,000 au ndugu yake. Kifaa cha kusaidia kusikia nilikijaribu cha kuazima, na kweli sauti za nje zikiingia nyenje anashuka, bei ndo iliyonishinda.

Kurithi: daktari aliniuliza kama upande wa mama yangu kuna viziwi, akasema kuna familia ambazo zile sindano zinawadhuru masikio haraka kuliko wengine na asili hiyo inapitia kwa mama tu. Bibi yako alikuwa kiziwi uzeeni, unakumbuka tulivyokuwa tunampigia kelele, labda uzee, labda hiyo. Hata kama ndiyo, kwangu imeishia, baba hampi mtoto hiyo kitu.

Sasa kale kasehemu ka mwisho, ulikosema huku unacheka "hata mi sikio la kushoto linalia kama wiki tatu, ila kidogo tu." Usicheke mama. Yangu ni masikio yote mawili na yana miaka. Sikio moja peke yake ni habari nyingine, wanataka walione. Inawezekana ni nta tu, au hizo eafoni unazolala nazo, lakini kama na kusikia kumepungua upande huo, au linadunda pamoja na moyo, au unapata kizunguzungu, usisubiri mwisho wa mwezi, kuna aina ya sikio kuziba ghafla ambayo dawa zake zinafanya kazi ukiwahi siku za mwanzo, ukichelewa zinakuwa kama maji, na wiki tatu tayari umechelewa kidogo. Usiweke mafuta ya nazi, usiweke kitunguu saumu, vijiti vya pamba tupa. Nenda Jumatatu kwa daktari wa masikio, waombe kile kipimo cha kichumba.

Na wakikuuliza yanavuma, sema ndiyo. Wakiuliza kizunguzungu, kama kipo sema kipo.

Hela ya kipimo ikipungua niambie, yule jogoo sina deni naye. Ukitoka nipigie saa mbili usiku, redio nitakuwa nimeizima nikusikie vizuri.

Baba yako