Maswali yenu: mtoto, mume na pikipiki ya vumbi

Wiki hii karibu maswali yote yamekuja juu ya jambo moja: motokrosi, mashindano ya pikipiki kwenye njia ya udongo yenye vilima vya kurukia. Nimeyafupisha bila kuyageuza maana. Mie nilishindana katika mchezo huu miaka sita huko Bara kabla sijarudi nyumbani, na moyo wangu bado umo humo.

Mwanangu ana miaka 17. Kila Ijumaa baada ya sala yeye na wenzake wanakwenda kuruka na pikipiki kwenye mashimo ya mchanga. Nimkataze? (Mama, Mahonda)

Mama yangu, kilichonitisha katika maneno yako si pikipiki, ni shimo. Mie mzaliwa wa Kengeja, Pemba, nimekua nikitazama mchezo wa ng'ombe, watu wakimchokoza dume na kumkwepa. Ng'ombe yule ana kamba ndefu, na kamba ina watu wanaojua lini waivute. Uwanja wa motokrosi nao una kamba yake. Wote wanaelekea upande mmoja, watu wa huduma ya kwanza wapo, na penye kilima kirefu husimama mtu mwenye bendera ya njano, ili mmoja akianguka upande wa pili, anayekuja nyuma asiruke. Shimoni hakuna hata kimoja. Mtoto akilala chini ya kilima, mwenzake hamwoni mpaka yuko hewani na chuma cha kilo mia na ushei.

Mkataze shimo, mchezo usimkataze. Ukikataza vyote atakwenda kwa kujificha, na siku ya kuvunjika hatakuwa na wa kumwita. Mwaka wa kwanza hauhitaji kuruka hata kidogo: kona, breki na kusimama juu ya pikipiki vinajifunzwa kwenye uwanja tambarare. Akishaiva, wenzetu wa Kenya wana uwanja pale Jamhuri Park, Nairobi, na Uganda wana wa Garuga, upande wa Entebbe.

Nilianguka Jumamosi na sikumbuki nilivyoinuka. Kichwa kinauma nikitazama simu. Mazoezi ni Jumapili hii. Nikimeza panadoli si nitaweza? (Kijana, Chake Chake)

Hutaweza, mdogo wangu, na panadoli isikudanganye. Inanyamazisha maumivu, ubongo haiuponyi. Kutokumbuka ulivyoinuka ni dalili kwamba ubongo ulitikisika ndani ya fuvu. Mfupa ukivunjika unauona kwenye eksirei, unafungwa plasta, na mwenyewe unaogopa kuutumia. Ubongo uliotikisika hauna plasta, na mara nyingi hata picha ya CT hutoka safi, ndiyo maana vijana hurudi mapema. Ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla na kuua, na waliofikwa na hayo wengi ni vijana kama wewe.

Nenda hospitali leo. Ukitapika mara kwa mara, ukisinzia isivyo kawaida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, au mkono ukilegea, usingoje kupambazuke. Uko Pemba: ikihitajika kupasuliwa kichwa kuna bahari ya kuvuka mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Daktari akikuta hakuna hatari hiyo, pumzika siku moja mbili, simu uiweke mbali, kisha tembea, kisha kimbia taratibu. Dalili ikirudi, rudi hatua moja nyuma. Pikipiki ni ya mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari.

Kofia ya bodaboda inatosha? (Dereva, Bububu)

Haitoshi. Tafuta inayofunika mpaka kidevu, na miwani ya vumbi. Povu gumu la ndani linakulinda kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Kwa hiyo ya mtumba usinunue, hujui imepiga chini mara ngapi. Pesa ikibaki, nunua viatu virefu.

Kifundo cha mkono kinauma wiki tatu tangu nianguke. Eksirei haikuonesha kitu. Babu yangu anaunga mifupa, niende akanikande? (Wete)

Rudi kwanza ukapigwe eksirei nyingine. Nyanyua kidole gumba kwa nguvu: chini yake, kwenye kifundo, patatokea kishimo. Kibonyeze. Ukiruka kwa maumivu, huenda umevunjika mfupa mdogo uliomo humo, ambao ufa wake mara nyingi hauonekani siku za mwanzo. Damu yake huingia zaidi kwa upande mmoja, basi ukikatika, kipande cha pili kinaweza kukosa damu kikafa. Babu muheshimu, lakini mfupa huu haukandwi, unatulizwa.

Mume wangu ana miaka 38, mtulinga umevunjika mara mbili, watoto watatu. Anasema akiacha atakufa moyo. Nimwambie nini? (Mke, Paje)

Dada yangu, mtulinga usikutishe sana. Wangu ulipokatika niliusikia, kama tawi la mkarafuu, na ukaunga. Kinachowagusa watoto ni kichwa na uti wa mgongo. David Bailey, Mmarekani aliyekuwa bingwa, alianguka mazoezini Januari 1987 na hakutembea tena. Ken Roczen, Mjerumani, aliharibika mkono wa kushoto mwaka 2017, akapasuliwa zaidi ya mara kumi, na baadaye akashinda tena. Mwaka huo huo wa 2017 Ryan Dungey, Mmarekani mwengine, aliacha akiwa bingwa, na miaka 27 tu, mwaka mmoja baada ya kuvunjika pingili ya shingo. Wote watatu waliupenda mchezo.

Basi usimuulize kama anaupenda. Muulize anawaza nini akiwa kwenye mstari wa kuanzia, pikipiki 40 zinanguruma, kizuizi cha mbele yao kinachofungua mbio hakijaanguka. Anayewaza kona ya kwanza bado ni mchezaji. Anayewaza kuanguka atakamata breki pasipo pake, na hapo ndipo mtu anaumia. Mie siku yangu ya mwisho kizuizi kilianguka, wenzangu wakaondoka, nikabaki na klachi mkononi. Nilimaliza duru moja, nikapakia pikipiki garini. Muulize usiku, watoto wamelala, na umwache ajibu mpaka amalize.