Kiyoyozi cha ofisi ya mita 4 kwa 5, Capri Point

Mkuu, umeuliza kama uweke kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU hapa ni kipimo cha joto ambalo mashine inaondoa kwa saa). Hiyo ni kubwa mno kwa chumba hicho. Chukua 12,000, yaani kilowati 3.5 za kupoza. Kama dirisha kubwa la kioo linatazama magharibi na halina kivuli, panda hadi 18,000, usivuke hapo.

Nafunga viyoyozi hapa Mwanza na hii ya "weka kubwa ipoe haraka" naikuta kila mahali. Inapoa haraka kweli, na ndiyo shida yenyewe: inafika nyuzi 24 kabla haijakausha hewa, inazima, inawaka tena. Chumba kinakuwa baridi ila kina unyevu, karatasi zinalegea, umeme wa LUKU unaisha haraka. Inveta, yaani mashine inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, hupunguza tatizo, haiondoi.

Wanaosema huku tuko juu wana hoja. Tupo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, hivyo uwezo ulioandikwa kwenye boksi unashuka kidogo. Kidogo tu, si wa kukufanya ununue maradufu.

Angalizo: kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya, kinazungusha ileile. Mkiwa wanne humo ndani weka feni ya kutolea hewa. Na mashine ya nje isikae chini ya taa ya usiku. Wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingi wanaganda kwenye vyuma vyembamba vya nyuma mpaka upepo haupiti.